Shemeji zangu wanataka mwanangu apakwe damu ya mnyama wake wa kwanza na ale ini bichi. Naombeni ushauri

MamaKijana (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, halafu mnishauri kama ambavyo mngeshauriana kuhusu mtoto wenu wenyewe.

Nina kijana wa miaka 15. Baba yake alifariki miaka minne iliyopita. Alikuwa mwindaji, babu yake vilevile, na kaka wawili wa marehemu wanawinda mpaka leo kwa vibali halali, msimu kwa msimu. Tangu msiba wamemlea huyu mtoto kama wa kwao, na kwa hilo sina neno la kuwalaumu. Wamemfundisha kusoma nyayo, kuutafuta upepo kabla ya kusogea, kutoielekeza bunduki kwa mtu hata ikiwa tupu. Mwezi ujao wanaingia naye porini, na safari hii risasi ya kwanza ni yake.

Kwenye ukoo wao, ukiangusha mnyama wako wa kwanza unapiga magoti mbele ya mzoga. Mkubwa wa msafara anachovya vidole kwenye damu, anakupaka paji la uso na mashavu, na hunawi mpaka kesho yake jua likichomoza. Kisha unapewa kipande cha ini bichi, bado lina joto, unatafuna huku wote wanakutazama. Mume wangu alifanyiwa akiwa na miaka 13. Alinisimulia mara moja tu, tena kwa ufupi, na nilipotaka kujua alijisikiaje akabadilisha mazungumzo.

Mtoto hakatai. Nilimuuliza akasema, "Mama, nitafanya wanavyotaka." Siku mbili baadaye tunaosha vyombo, akauliza bila kunitazama: "Nikitapika watanicheka?"

Tangu siku hiyo silali vizuri. Sitaki kumtoa mikononi mwa baba zake, maana hao ndio waliobaki. Na sitaki asukumwe kwenye jambo ambalo tumbo lake linalikataa. Nizuie? Niache? Na hilo ini lina madhara au ni hofu zangu za kike?

MzeeWaPodo

Mama, nimewinda zaidi ya miaka 30 na nilipakwa damu nikiwa mdogo kuliko mwanao. Niseme wazi: ile damu ndiyo iliyonifanya nielewe nimefanya nini. Kabla ya hapo bunduki ilikuwa mchezo wa shabaha. Ulipopakwa ukaambiwa usinawe, usiku kucha unainusa na unajua kuna kiumbe hakipo kwa sababu yako. Mpaka leo siwezi kufyatua risasi nisiyo na hakika nayo.

Usizuie. Mtoto asiye na baba anahitaji kuambiwa mbele ya watu kwamba ana kwao.

Mnyamavu

Na mimi nitoe yangu, ingawa si rahisi kuandika.

Nilikuwa na miaka 14. Sikuambiwa chochote kabla. Mnyama alipoanguka nilikuwa bado natetemeka, mtu mzima mmoja akanishika shingo kwa nyuma akanikandamiza uso ndani ya tumbo lililopasuliwa. Wengine wakacheka, mmoja akapiga picha. Nilikuwa nimeanza kumlilia yule mnyama kimyakimya, kilio cha heshima hasa, na waliukata uchungu ule katikati ukawa aibu. Sikurudi porini tena. Sasa nina miaka 41 na harufu ya damu ya moto bado inanirudisha pale.

Kwa hiyo swali la mwanao, "watanicheka?", usilipite haraka. Hajauliza kama itauma, wala kama ni salama. Ameuliza kuhusu kicheko.

MzeeWaPodo

Mnyamavu, pole sana ndugu yangu. Ulichofanyiwa si mila, ni uonevu, na aliyekufanyia hakustahili kuongoza msafara. Sisi hatukucheka. Ilikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia nzi. Nimejibu haraka mwanzo, mama. Ulizia kwanza kwao huwa wanacheka au wananyamaza.

TabibuWaMifugo

Nitajibu upande wa afya, ndiyo kazi yangu. Hofu zako, mama, si za kike. Ni za mtu mwenye akili.

Nianze na ini, kwa sababu hapo ndipo siwezi kulegeza neno. Ini bichi la mnyama wa porini lisiliwe, na mtoto wala na mtu mzima. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walithibitisha watu waliougua homa ya ini aina ya E baada ya kula nyama mbichi ya paa, na virusi hivyo vimeonekana pia kwenye maini ya nguruwe mwitu. Kuna minyoo ya trikinela kwenye nguruwe mwitu na dubu, inayojificha ndani ya misuli, na baadhi ya aina zake za nchi za baridi hazifi hata nyama ikigandishwa. Kuna toksoplasma, kimelea kingine kinachoweza kuwemo kwenye nyama mbichi. Kuna vijidudu vya kawaida vya utumbo vinavyohamia kwenye ini pale risasi inapopitia tumboni, jambo linalotokea sana kwa mpigaji wa mara ya kwanza. Ini likiwa na madoa meupe, uvimbe au mishipa iliyojaa minyoo bapa, litupwe lote. Likiwa safi, lipikwe mpaka ndani kabisa kufikia nyuzijoto 71 za selsiasi. Ini la kuchomwa kwenye makaa palepale porini ni tamu, na maana yake haipotei.

Damu kwenye ngozi isiyo na mchubuko hatari yake ni ndogo zaidi. Tatizo ni kwamba wanaipaka usoni, na usoni kuna macho, pua, mdomo, na kwa kijana wa miaka 15 kuna chunusi alizozitumbua. Tularemia, ugonjwa wa bakteria ambao sungura na panya huubeba sana, huhitaji vimelea vichache mno kumwambukiza mtu, na hupita kwenye jicho au mkwaruzo mdogo. Bruselosi, ugonjwa mwingine wa bakteria kutoka kwa wanyama, nayo hupita hivyohivyo. Kulala na damu usoni mpaka asubuhi ni kumpa mtoto usiku mzima wa kufikicha macho. Ipakwe kidogo, mbali na macho na mdomo, kisha anawe kwa sabuni na maji mengi baada ya muda mfupi. Na mnyama aliyekutwa mgonjwa, aliyeyumba, au anayetoka damu nyeusi isiyoganda puani, asiguswe na yeyote. Hiyo inaweza kuwa kimeta.

Jambo jingine watu hulisahau: kama risasi ni za risasi kwelikweli, yaani madini yenyewe, huvunjika vipande visivyoonekana na kusambaa mbali na tundu. Nyama inayozunguka jeraha ikatwe kwa upana na isipewe mtoto. Akirudi nyumbani na kupata homa ndani ya wiki mbili, daktari aambiwe kwamba alichuna mnyama. Madaktari wengi hawaulizi.

MamaKijana

Asante daktari. Nimenakili yote kwenye daftari.

MzeeWaPodo, nimeuliza. Shemeji mkubwa amesema wao hunyamaza. Mdogo akacheka, akasema "inategemea kijana mwenyewe." Hapo ndipo roho yangu ilipobaki.

MsomaMengi

Dada, mimi siyo mwindaji, ila nimesoma kwa miaka mingi kuhusu jamii zinazoishi kwa kuwinda. Kuna kitu nimekiona ambacho huenda kikakusaidia unapozungumza na shemeji zako.

Wasan wa Kalahari, hasa Ju/'hoansi wa Namibia na Botswana, wana sherehe ya windo la kwanza iliyoandikwa vizuri na mtafiti Lorna Marshall, aliyeishi nao miaka ya 1950. Kijana hufanyiwa mara mbili: akiua mnyama mkubwa dume wa kwanza, na tena akiua jike wa kwanza, kwa upinde na mshale. Anachanjwa chale ndogo mwilini na kusuguliwa masizi ya nyama iliyounguzwa pamoja na mafuta. Kila mahali pana sababu: mkono upate shabaha, kifua moyo upende kuwinda, paji la uso jicho liwahi kuona. Enzi hizo, kabla ya hapo hakuhesabiwa kuwa tayari kuoa. Ni jambo zito, na linaacha kovu.

Lakini angalia kinachofuata katika maisha ya mwindaji huyohuyo. Mtafiti mwingine, Richard Lee, aliyekaa nao miaka ya 1960, alieleza desturi ya kuitukana nyama. Mtu akiua mnyama mkubwa anarudi kambini kimya, anakaa, anangoja aulizwe, na akiulizwa anasema hakuona kitu cha maana. Wanaokwenda kubeba nyama wanalalamika kwamba wameburutwa mbali kwa ajili ya mifupa. Wanajua wazi kwamba mnyama kanona. Wanafanya hivyo ili moyo wa kijana usivimbe akaanza kuwaona wenzake kama watumishi wake. Tena nyama kwa desturi ni ya mwenye mshale, na mishale huazimwa, kwa hiyo aliyepiga mara nyingi siye anayegawa.

Nenda kaskazini ya mbali, kwa Wainuit. Sili (mnyama wa baharini) wa kwanza wa mtoto hugawiwa kambi nzima, wazee wakipewa mbele. Kwa Wayup'ik wa Alaska, akina mama huandaa karamu ya sili wa kwanza na kuwarushia wanawake wenzao zawadi, kusherehekea kwamba mtoto wa kiume ameanza kulisha watu. Mama ndiye mwenye shughuli siku hiyo, dada. Mama!

Na kwa Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kuna nyama inayoitwa epeme, sehemu maalumu za mnyama mkubwa zinazoliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa tu. Kijana anaingia akishaua mnyama mkubwa, lakini asiyebahatika hatengwi milele. Umri ukifika hukaribishwa pia.

Ninachokiona katika yote haya ni nyama kuondoka mikononi mwa aliyeua. Anapewa alama, halafu ananyang'anywa majivuno. Damu bila kugawa ni nusu ya shughuli. Waulize shemeji zako: kwenye ukoo wenu, nyama ya kwanza huenda kwa nani?

KijitiCheKijani

Niliwinda Ujerumani miaka sita, naongeza kidogo kwa MsomaMengi.

Kule mnyama akianguka hakuna anayeruka kushangilia. Mwindaji anakata kijiti chenye majani, mara nyingi cha mwaloni au msonobari, anakiweka mdomoni mwa mnyama. Wanakiita tonge la mwisho. Kijiti cha pili kinaguswa kwenye damu, mkubwa wa msafara anampa mpigaji juu ya kofia au kisu, na yeye anakichomeka upande wa kulia wa kofia yake. Anaambiwa "Waidmannsheil", anajibu "Waidmannsdank", basi. Mara yangu ya kwanza nilipigishwa magoti, nikaguswa begani kwa kisu cha kuwindia mara tatu, kila mguso na maneno yake. Damu ilikuwepo, ila ilikuwa kwenye jani. Sikuwahi kuhisi nimepunjwa.

Kofia yenye kile kijiti bado ninayo.

Simba_wa_Zamani

Watasema "mila haibadiliki." Wakumbushe Wamasai. Zamani moran aliyemtangulia mwenzake kumchoma simba mkuki alirudi na manyoya ya shingo na jina jipya, na jina lile likaimbwa. Simba wakapungua. Eneo la Amboseli, Kenya, mradi wa Lion Guardians ulianza mwaka 2007 kuwaajiri moran walewale kulinda simba na kuwapa majina. Mwaka 2012 yakaanza mashindano ya Olimpiki ya Wamasai, kurusha mkuki, kukimbia na kuruka, ili sifa ipatikane bila simba kufa. Wazee wenyewe walikubali. Kama ukoo wenye simba umeweza, ukoo wenye ini hautashindwa.

MsomaMengi

Kweli kabisa. Na kwa kijana anayeogopa kuchekwa: Athenaeus, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba kwa Wamakedonia mtu hakuruhusiwa kujinyoosha kwenye kiti cha karamu mpaka awe ameua nguruwe mwitu kwa mkuki bila wavu. Cassander, akiwa na miaka 35, bado alikuwa anakula ameketi wima kando ya baba yake, ingawa alikuwa mwindaji mzuri. Baadaye akawa mfalme. Mwambie hiyo.

NjiaYaKati

Mama, wote wamesema vizuri, mimi nitakwambia namna ya kulifikisha.

Usiliongee mbele ya shemeji wote wawili, na mtoto asiwepo. Mwite mkubwa peke yake, umkaribishe kwa heshima yake. Usianze na neno "hapana." Anza kwa kumshukuru alivyomshika mtoto, kwa sababu ni kweli. Kisha mwambie lile swali la kutapika kama lilivyotoka, neno kwa neno. Usiliongeze chumvi. Mwanaume aliyepiga magoti pale akiwa mtoto atajua mara moja linatoka wapi, na ninakuhakikishia hatacheka.

La ini mpe kama maneno ya daktari. Litapita lenyewe.

Halafu muombe kitu kimoja tu: kijana aulizwe kabla ya safari, nyumbani, na awe na ruhusa ya kusema damu ipakwe wapi, au isipakwe. Akikubali, iwe yake. Kama ni lazima mtu ashike simu, apige picha ya mnyama, asipige ya uso wa mtoto. Na yule mdogo mwachie mkubwa wake, wewe usigombane naye.

Usimwambie mtoto asiende. Hapo utakuwa umemjibu wewe badala yao.

MzeeWaPodo

Nakubaliana na NjiaYaKati, na ninaongeza hili kama mtu wa pori. Kuna uwezekano asipate kitu. Au apige vibaya, mnyama akimbie na jeraha. Hilo la pili ndilo linalovunja moyo wa kijana kuliko damu yoyote. Waambie shemeji zako wamwandae: akijeruhi, wanafuata mpaka mwisho hata giza likiingia, na hakuna anayemkaripia njiani.

MamaKijana

Wakuu, mmeniliza na mmenitia nguvu. Nitaongea na shemeji mkubwa Jumapili. Mnyamavu, nimesoma maneno yako mara nne. Asante kwa kuyaandika.

MamaKijana

MREJESHO. Samahani kwa ukimya, ni wiki saba sasa.

Nilizungumza na shemeji kama nilivyoelekezwa. Nilipofika kwenye swali la kutapika aliinamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu. Akasema, "Niachie mimi." Jioni hiyohiyo alimwita kijana, wakaenda kutembea. Sikuambiwa walichozungumza.

Siku ya kwanza hawakupata kitu. Siku ya pili alipiga paa dume, risasi ikaingia nyuma kidogo ya ilipotakiwa. Walifuata damu kwa muda wa karibu masaa matatu. Baba yake mdogo, yule niliyemwogopa, ndiye aliyetembea naye bega kwa bega muda wote, akimwonyesha tone kwa tone kwenye majani. Walipomfikia alikuwa hai bado, na mwanangu ndiye aliyemaliza.

Alichagua apakwe kwenye viganja vya mikono, siyo usoni. Hakuna aliyezungumza. Akakata tawi mwenyewe akaliweka mdomoni mwa mnyama, maana nilikuwa nimemsomea maelezo ya KijitiCheKijani na hakuniambia kwamba yamemkaa. Shemeji mkubwa aliniambia hajawahi kuona kitu kile, ila alivua kofia. Wakanawa mtoni kwa sabuni. Ini lilikuwa na madoa meupe, walilizika.

Nyama aliileta nyumbani, akaigawa yeye. Bibi yake kwanza, kisha majirani wawili wazee, kisha mimi. Yeye hakula siku hiyo, na hakuna aliyemlazimisha.

Usiku alikuja jikoni akaniuliza kama baba yake alitapika siku yake. Nikamwambia sijui, hakuwahi kuniambia. Akachukua simu akampigia baba yake mkubwa, akatoka nje kuongea. Walikaa kwenye simu mpaka nikasinzia kwenye kiti. Aliporudi aliniamsha ili aniambie jibu.

Alitapika mara mbili. Na aliyemshikia kichwa ni kaka yake.